Pemba ya Mia Mbili

Mwanamke wa miaka 54, hedhi imekwisha zamani, akisimama kwenye meza ya muuza pemba, ule udongo wanaotafuna wajawazito, soko la Muheza, muuzaji lazima atacheka. "Shangazi, mimba hiyo ya nani?" aliniuliza kijana mmoja huku akinifungia vipande vyangu kwenye gazeti. Nikamwambia namnunulia binti yangu. Uongo mtupu. Binti yangu alikuwa Dodoma, hana mimba wala hamu ya udongo. Pemba ile ya shilingi mia mbili niliitia kwenye pochi, na kabla sijafika nyumbani nusu yake ilikuwa imekwisha. Ilikuwa na harufu ya mvua ya kwanza ikidondoka kwenye vumbi, na nilikuwa naiota usiku.

Huo ulikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimechoka pia, lakini uchovu niliuzoea, sikuuona kama habari. Kilichonitisha ni kale kamwinuko ka kutoka barabarani hadi kwenye michungwa yetu. Zamani nilikapanda nikiwa na debe kichwani. Sasa nilikuwa nasimama mara tatu, moyo ukinidunda masikioni. Ulimi ukawa laini kama wa mtoto mchanga, chai ya moto ikiuunguza. Kucha zilibonyea katikati, tone la maji likikaa juu yake halimwagiki.

Titi langu la kushoto lilikatwa mwaka 2013, kwa saratani. Baada ya hapo nikapata dripu, zile nyekundu zinazomwaga nywele, kisha mwaka uliofuata mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Nikatoka na vidonge vya tamoksifeni vya kuzuia saratani isirudi, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Ualimu niliuacha kwa sababu ya ugonjwa, nikarudi Muheza kwa mama, nikashika jembe. Watu wa mjini walinihurumia. Mimi nilifurahi. Ukishalala wodini miezi ile yote, kukanyaga udongo wa baridi asubuhi kwa mguu mtupu ni raha ambayo sijui nimweleze nani.

Basi nilipoanza kuhema kwenye kamwinuko, nilijua kimerudi. Wala sikusema nilihisi, nilijua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu mwaka uliotangulia, nikimeza diklofenaki za dukani, na kichwani nilikuwa nimeshaunganisha kila kitu: kimeingia kwenye mifupa, kimefika kwenye uboho, ndiyo maana damu haitengenezwi. Nikakaa kimya miezi miwili. Kadi ya kliniki niliiweka chini ya godoro nisiione.

Mama hakukaa kimya. Alinishika mkono, akavuta kope langu la chini kama anavyokagua kuku wa kununua, akatazama viganja, akasema, "Safura hiyo, mwanangu." Sasa mtu asiyemfahamu mama angemsifu. Lakini kwa mama kila anayechoka ana safura. Mjomba alipopata kisukari, safura. Mbuzi wetu mwekundu alipokonda, safura. Jirani alipofiwa na mume akawa hali chakula, mama alisema wamwangalie, isije ikawa safura. Nikamjibu, "Sawa mama," nikaenda kulala.

Zahanati walinitoboa kidole, wakasema damu ni saba na nukta tisa. Wakanipa vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Wifi akaleta rozela, jirani akaleta matembele, mdogo wangu akatuma bitiruti kutoka Lushoto, gunia zima, hadi mkojo ukawa na rangi ya sherehe. Baada ya mwezi damu ikapanda hadi tisa. Nikaacha vidonge kwa sababu vilinifunga choo na kukifanya cheusi, nami choo cheusi nimeshaambiwa ni dalili mbaya, kwa hiyo dawa ikawa inanitisha kuliko ugonjwa. Miezi mitatu baadaye nikapima tena: sita na nukta nane.

Wahenga wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mimi pakacha lilikuwa linavuja, na mzigo ulikuwa unazidi uzito.

Hospitali ya mjini walinipima choo. Nilikitoa alfajiri, kikafika maabara karibu na adhuhuri kwa sababu ya foleni ya usajili, kikasomwa sijui saa ngapi. Majibu: hakuna kilichoonekana. Mtaalamu aliyenihudumia akafungua faili langu, akaona neno saratani kwenye ukurasa wa kwanza, na tangu hapo hakunitazama tena mimi. Alilitazama faili. Akaandika rufaa ya Dar es Salaam. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikalia kimyakimya kutoka Segera hadi karibu Chalinze, abiria wa pembeni akanipa karanga bila kuuliza kitu.

Dar nilipokelewa na daktari wa kike, umri wa binti yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nilitaka anipeleke moja kwa moja kwenye picha za mifupa, yaishe. Yeye akataka damu kwanza, na akataka itolewe kabla sijaongezewa damu ya mtu mwingine ikaja ikachanganya majibu. Kuitoa nako ni kazi. Mkono wa kushoto hauguswi sindano tangu watoe tezi za kwapani, na wa kulia mishipa yake iliungua na dripu. Muuguzi alinipigapiga, akanifunga, akanifungua, akaniletea maji ya uvuguvugu nitumbukize mkono. Mara ya nne ikakubali.

Siku iliyofuata aliniita akageuza karatasi upande wangu. Ni jambo dogo, lakini miaka mitano yote ile hakuna aliyewahi kuigeuza karatasi. Akaniwekea kidole kwenye mistari miwili. Mmoja ulikuwa ukubwa wa chembe nyekundu: zangu zilikuwa 62, wakati za kawaida huanzia kama 80. Mwingine ulikuwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Yangu ilikuwa 4. Chini ya 15, alisema, ghala limekwisha.

"Mama, saratani ikivamia uboho, kwa kawaida damu haiwi hivi. Chembe haziwi ndogo kiasi hiki, na feritini mara nyingi hupanda, haishuki. Uboho wako unafanya kazi. Umenyimwa chuma tu."

"Kwa hiyo haijarudi?"

"Sijasema hivyo." Akatabasamu kidogo. "Nimesema chuma kinapotea, na lazima tujue kinapotelea wapi. Kinaweza kupotelea kwenye uvimbe wa tumbo au utumbo mpana. Kinaweza kupotelea kwenye kidonda. Hatutakupa vidonge tu tukakurudisha nyumbani."

Nilimchukia na kumpenda papo hapo.

Akaanza maswali. Natokwa na damu ukeni? Hapana. Lakini tamoksifeni huweza kunenepesha utando wa kizazi, hata kuleta saratani ya huko, kwa hiyo nikapigwa ultrasaundi. Kizazi kikaonekana salama. Dawa za maumivu? Nikakiri diklofenaki, hata siku nyingine mbili mbili. Akaandika, akapigia mstari. Nakunywa chai na chakula? Nani hanywi? Akaniambia chai ya rangi huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini, niitenge na mlo. Kuhusu pemba nilinyamaza, mpaka akaniuliza mwenyewe kama kuna kitu cha ajabu ninachotamani. Nikafungua pochi nikamwonyesha. Hakucheka. Alisema watu waliopungukiwa chuma hutafuna udongo, mchele mbichi, hata barafu, na kwamba pemba yangu haikuwa tabia mbaya, ilikuwa dalili. Nimekula udongo kwa aibu miezi minane, kumbe ningeutaja siku ya kwanza.

Swali moja halikuulizwa. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Faili liliandikwa "mwalimu" mwaka 2013 na likabaki hivyo.

Picha za mgongo zilitoka bila doa, umri tu. Kijana wangu na rafiki yake wakachangia damu, nami nikaongezewa chupa mbili. Kisha nikapangiwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaomezwa kutazama tumbo.

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Walinipulizia kooni dawa chungu kama shubiri, koo likafa ganzi, nikawa nameza mate na sijui yamekwenda wapi. Wakaniambia nilale ubavu wa kushoto, yaani juu ya lile kovu. Wakanibana kipande cha plastiki kati ya meno. Wanaosema hakiumi wanamaanisha wao hakiwaumi. Mpira ule ulipopita kooni nilijikunja kama kambare, muuguzi akanishika bega akisema, "Vuta pumzi puani, mama, vuta," na machozi yakanitoka hadi sikioni.

Kioo kilikuwa upande wangu. Nilikuwa nimeapa sitatazama, nikatazama. Tumbo la mtu ndani ni jekundu na linang'aa, lina mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Daktari mpimaji, mwanamume wa makamo, alikuwa anazungumza polepole: hapa pana michubuko, hizi ni dawa zake za maumivu, hakuna kidonda kikubwa, hakuna uvimbe. Nikasikia lile la mwisho. Mpira ukasonga, ukaingia kwenye utumbo mwembamba, pale mwanzo kabisa.

Akanyamaza. Mimi nikasema moyoni, haya.

"Njooni," akawaita wanafunzi. "Sogeeni muone."

Kwenye kioo, juu ya ukuta wa utumbo wangu, kulikuwa na kiuzi. Kama sentimita moja, cheupe chenye wekundu katikati. Kikajipinda. Pembeni yake kingine, na kingine, na kati yao vidoa vya damu mbichi, pale walipouma wakahama. Daktari alihesabu kwa sauti, akafika kumi na moja akaacha. "Mama," alisema akiinama nione uso wake, "una minyoo ya safura."

Nilicheka. Jaribu kucheka ukiwa na mpira kooni. Nilikoroma, nikakohoa, mashine ikapiga kelele, muuguzi akadhani napaliwa. Nilikuwa namwona mama na mbuzi wake mwekundu.

Baadaye yule daktari wa kike alinielezea, nami nilikuwa najua sehemu kubwa ya maelezo kuliko alivyodhani. Mayai hutoka na kinyesi, vijidudu huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, hungoja, huingia kwa ngozi ya mguu, hupitia damu hadi mapafuni, hukoholewa, humezwa, huja kukaa utumboni na kunyonya. Kuna aina mbili, na ile kali mmoja hunyonya karibu moja ya tano ya mililita kwa siku. Mia moja wao ni vijiko vinne vya chai vya damu, kila siku, mwaka mzima. Kile kipimo cha choo cha mara moja kiliwakosa, na hilo hutokea.

Najua sehemu kubwa kwa sababu nilikuwa nikiifundisha. Darasa la nne, mchoro ubaoni, mishale nikiichora kwa chaki ya rangi. Siku ya dawa za minyoo shuleni mimi ndiye niliyewapanga watoto mstari, nikiwapa kidonge na kikombe cha maji, nikiwaambia wafungue mdomo nione kama wamemeza. "Vaeni viatu!" Kisha nikaenda kulima pekupeku miaka minne chini ya michungwa, kwenye kivuli kile kile, mahali ambapo kila msimu vibarua wa kuchuma hawana choo ila vichaka. Masika vidole vya miguu vilikuwa vinaniwasha usiku. Nilivipaka mafuta ya nazi.

Niliomba nirudi nyumbani. Daktari akakataa mpaka nifanyiwe kolonoskopi, mpira kama ule ila wa kutazama utumbo mpana. Nikamuuliza anatafuta nini tena wakati mwizi ameshakamatwa. "Kupata mmoja hakumaanishi yuko peke yake, mama. Una miaka 54." Siku mbili za dawa ya kuharisha na aibu nyingine ambazo sitazisimulia hapa. Utumbo mpana ulikuwa safi. Nilikasirika sana wakati ule, na leo ningemtumia kikapu cha machungwa kama ningejua yuko hospitali gani.

Albendazo, dawa ya minyoo, nilimeza siku tatu, na vidonge vyekundu miezi sita, bila diklofenaki, chai ikisubiri. Mwezi wa kwanza damu ilifika kumi na moja.

Mama nilimpigia simu nikiwa bado stendi ya Ubungo. Nikamwambia wameona safura. Sikusikia kigelegele wala "nilikwambia". Alinyamaza, kisha akauliza, "Na lile jingine?"

"Halipo, mama."

Nilisikia akikaa chini. Baada ya muda akaniambia mbuzi amezaa, mapacha.

Gambuti nilinunua Muheza, jozi mbili, yangu na yake. Yake anaihifadhi kabatini kwa sababu ni mpya. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa natafuta nauli kwenye pochi, nikashika kipande cha pemba kimejificha kwenye mshono. Nikakitia mdomoni kwa mazoea. Kilikuwa na ladha ya udongo. Nikakitema dirishani, dereva akanitazama kwenye kioo.