Jetiski Iliyokataa Kuwaka, na Dakika 20 Nilizookoa kwa Hasara

Ninamiliki jetiski moja tu, ya mtumba, iliyotengenezwa Japani, yenye injini ya silinda 4 na mipigo minne, ambayo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatembezea wageni kutoka ufukwe wa Kendwa, kaskazini mwa Unguja. (Jina lenyewe ni la biashara la kampuni ya Kawasaki, lakini pwani yetu imeligawa bure kwa kila chombo cha aina hiyo, nami nitafanya vivyo hivyo.) Haya ninayoyasimulia yalinitokea mwezi wa Julai, na ninayaandika kwa sababu ugonjwa niliohangaika nao kwa muda mrefu zaidi haukuwa ule uliosimamisha chombo baharini, bali ule nilioutia mwenyewe wakati wa kukirudisha pwani.

Jioni ile nilikuwa na mgeni mmoja nyuma yangu, nasi tulikuwa tumefika kama kilomita 4 kutoka ufukweni, tukielekea upande wa Tumbatu. Mgeni aliomba tusimame apige picha za jua, nami nikaizima injini kwa hiari yangu. Alipomaliza nilibonyeza kitufe cha kuwashia, na hapakuwa na sauti yoyote. Skrini iliyokuwa ikionyesha kiwango cha petroli ilizimika palepale nilipobonyeza, na nilipoachia kitufe ikawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Jambo la kwanza nililoliangalia ni kamba ya usalama, yaani ile inayofungwa mkononi na ambayo kibano chake kikichomoka injini huzimika, kwa kuwa nimewahi kuona watu wazima wakifungua injini nzima kumbe kibano hakikukaa sawasawa chini ya kitufe. Nilikichomoa, nikakifuta chumvi kwa fulana, nikakirudisha, na hali ikabaki ileile. Nilijaribu mara tatu, kila mara nikibonyeza kwa sekunde chache na kupumzika, maana stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, hupata moto haraka na haifai kushikiliwa zaidi ya sekunde 5 bila kupewa muda wa kupoa. Maji yalikuwa yanakupwa na mkondo ulikuwa unatusogeza taratibu kutoka pwani, mgeni alikuwa ameanza kuniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na Magharibi ilikuwa inakaribia.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anarudi na boti ya fiba yenye injini ya nje alitukuta, tukafunga kamba kwenye pete ya mbele ya jetiski, naye akaniuliza aende mwendo gani. Nilimwambia akaze. Alikaza kweli, hata pua ya jetiski ikawa inaruka juu ya mawimbi, na kwa dakika kama 10 tukawa Kendwa. Nilimlipa petroli yake na shukrani juu, vijana wakanisaidia kukivuta chombo hadi juu ya alama ya maji kujaa, nami nikaenda kulala nikijua kwamba asubuhi nitatafuta tatizo la umeme. Hakuna hata mmoja wetu pale ufukweni aliyefikiri kwamba injini isiyofanya kazi inaweza kudhurika kwa kuvutwa tu.

Asubuhi nilikuja na mita ya umeme, msasa, brashi ya waya na spana. Nilifungua kiti kwanza na kukiacha wazi kwa dakika kadhaa ili mvuke wa petroli utoke, kwani tumbo la jetiski limefungwa pande zote na cheche moja ya stata inatosha kuleta msiba. Kisha nikapima betri: volti 12.6, maana yake imejaa. Mtu mwingine angeishia hapo na kusema betri ni nzima, tatizo ni stata. Mimi nilimwomba kijana mmoja abonyeze kitufe huku macho yangu yakiwa kwenye mita, na hapo ndipo nilipopata dalili ya maana: skrini ilizimika, stata ilinyamaza, lakini volti za betri hazikushuka hata kidogo. Stata ni mlaji mkubwa wa umeme, na ikianza kuvuta ni lazima betri ishuke. Kama betri haishuki, basi umeme hautoki, na hapo mahali pa kutafuta ni njia yake.

Nilihamisha ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Kati ya sehemu hizo mbili pana waya mmoja mnene tu, na kwa hiyo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri wakati wote. Kijana alipobonyeza, ilisoma zaidi ya volti 10. Nguvu yote ya betri ilikuwa inaishia ndani ya waya ule. Niliufuata kwa vidole hadi mwisho wake, nikafungua bolti inayoushikilia kwenye injini, na chini ya kikomo cha waya nikakuta unga wa kijani umeota kati ya shaba na chuma, mgumu kama ukoko wa wali uliosahauliwa sufuriani. Kwa nje bolti ilikuwa inang'aa. Nilipiga msasa pande zote mbili hadi chuma kikawa cheupe, nikakaza, nikapaka grisi juu ili chumvi isiingie tena, na kazi hiyo yote haikuchukua hata nusu saa. Nilifurahi mapema, na ninakiri kwamba nilikuwa nimeshampigia simu mwenye wageni kumwambia kwamba saa sita nitakuwa tayari.

Nilibonyeza. Ikapiga “tak!” moja nzito, kama nyundo juu ya ubao, kisha kimya. Nilibonyeza tena, ikapiga ileile.

Ukimya wa baharini na “tak” ya ufukweni zilikuwa lugha mbili tofauti, ingawa wakati huo mimi nilizisikia kama moja, yaani “haiwaki”. Nilipopima tena, mita yenyewe ilinieleza: sasa volti zilishuka kutoka 12.6 hadi 9 kila nilipobonyeza. Umeme ulikuwa unafika na stata ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote, ila kulikuwa na kitu kinachoishikilia injini isizunguke. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kamba au nyavu imeingia kwenye pampu. Jetiski haina gia ya kupumzikia kama gari. Rafadha iliyo ndani ya pampu imeungwa moja kwa moja na injini kwa shafti, na kwa hiyo kipande cha nyavu kikijisokota pale huifunga injini nzima. Nililala mchangani nikaingiza mkono kwa chini, huku kibano cha usalama kikiwa kimechomolewa ili mtu asije akabonyeza kwa bahati mbaya. Palikuwa safi, pana mwani kidogo tu. Nikahukumu kwamba stata imekufa, nikachukua spana kuifungua.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye hutengeneza injini za nje za wavuvi chini ya mkungu, na ambaye sote pale humwita Ami. Alikuwa amesikia zile “tak” kutoka alipokaa.

“Mwanangu, usibonyeze tena,” aliniambia kabla hata ya kusalimiana. “Jana mliivutaje?”

Nilimwambia ilivutwa na boti kwa dakika 10.

“Kutoka kule? Kwa dakika 10?” Akatikisa kichwa. “Basi fungua plagi, Bwana, stata iache.”

Aliyonieleza tukiwa tunafungua ndiyo niliyotamani kuyajua jana yake. Jetiski haina pampu ya pekee ya maji ya kupozea injini. Maji hayo huchukuliwa kutoka kwenye pampu ileile inayokisukuma chombo, hupita kwenye mipira hadi kwenye kuta za injini, kisha huingia kwenye ekzosti na kutoka nje yakisukumwa na moshi. Injini inapofanya kazi, moshi ndio unaoyafukuza. Chombo kinapovutwa kwa kasi huku injini imezimwa, bahari huingia kwa nguvu kupitia mdomo wa pampu na kupanda mipira ileile, lakini moshi wa kuyatoa haupo. Ekzosti hujaa, na maji yakishakosa pa kwenda hurudi nyuma hadi kwenye silinda ambazo vali zake za kutolea moshi zimebaki wazi. Pistoni huweza kukandamiza hewa, maji hayakandamiziki. Ile “tak” ilikuwa pistoni ikigonga maji, na laiti injini ingekuwa inazunguka kwa kasi yake ya kawaida wakati huo, konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, ingepinda.

Tulichomoa koili zote 4, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, na kuziweka mbali, ili pasiwe na cheche karibu na mvuke wa petroli, kisha tukatoa plagi. Plagi mbili za kwanza zilikuwa kavu, na ya tatu ilitoka ikidondosha maji. Tulifunika matundu kwa kitambaa kikuukuu, Ami akasogea pembeni, mimi sikusogea, nikabonyeza. Injini ikazunguka kwa wepesi kama baiskeli iliyopinduliwa, na maji yakaruka kutoka silinda ya tatu na ya nne yakapita kitambaa na kunilowesha kifua. Niliyaonja kwenye mdomo: chumvi tupu. Tulirudia kwa vipindi vifupi hadi ikawa inatoka hewa peke yake, kisha tukatia oili kidogo kwenye kila tundu na kuizungusha tena ili kuta za silinda zipate utando, kwa kuwa maji ya bahari yakiachwa juu ya chuma kitupu huanza kutia kutu ndani ya saa chache. Yalikuwa yamekaa humo usiku mzima. Hilo ndilo lililomuudhi Ami kuliko kuvutwa kwenyewe, naye alilirudia mara kadhaa: kama ningefungua plagi jioni ileile, kazi ingekuwa nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa oili. Kijiti cha kupimia kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, ushahidi kwamba maji yameshapenya kando ya pistoni hadi chini. Injini hizi hazina nati ya kumwagia oili iliyo rahisi kufikiwa, kwa hiyo huvutwa kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti hicho. Nilibadilisha oili pamoja na filta, nikafunga plagi mpya, tukakisukuma chombo hadi maji yalipotufika mapajani. Kina hicho kina sababu yake, kwani chini ya sentimita 60 pampu hunyonya mchanga, na mchanga ungenifungulia ukurasa mwingine wa matatizo.

Iliwaka kwa jaribio la tatu, ikakohoa, ikatoa wingu jeupe la mvuke, kisha ikatulia. Niliiacha iunguze unyevu kwa dakika 10, nikaizima, nikavuta oili: bado nyeupe. Nilibadilisha mara ya pili siku iliyofuata, na mara ya tatu siku ya nne, ndipo ikatoka na rangi yake ya asali. Bei ya oili ile yote sitaitaja, kwa kuwa mke wangu naye anasoma.

Wakati wa kuisuuza kwa maji baridi ya bomba, Ami alinisimamia tena, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini kitabu cha maelekezo kinasisitiza utaratibu ambao siku zote niliufuata kwa mazoea tu: washa injini kwanza ndipo ufungue bomba, na unapomaliza funga bomba kwanza ndipo uzime injini. “Maji yaifuate injini,” alisema, “yasiitangulie.” Ni maji yaleyale na ekzosti ileile. Ukifungua bomba huku injini imelala, unafanya ufukweni kile ambacho yule mvuvi alikifanya baharini kwa amri yangu.

Kitabu hichohicho, nilipokifungua baadaye, kinasema chombo kikivutwa kisizidi kilomita 8 kwa saa. Kwa umbali wangu ule ingekuwa nusu saa badala ya dakika 10, na mgeni wangu angeliona jua likizama hadi mwisho. Sasa chini ya kiti ninaweka, pamoja na plagi za akiba, klampu ya plastiki ya kuubana mpira wa maji ya kupozea iwapo italazimu kuvutwa tena, na nimeifunga kwa mshipi ili isidondoke baharini. Kila mwisho wa mwezi ninaifungua ile bolti ya waya hasi na kuitazama kwa chini.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta kijana mwenzangu wa kazi amekwama nje ya Nungwi, nikamvuta mimi. Alinipigia kelele njia nzima kwamba niongeze mwendo, na nilipotazama nyuma nilimwona amesimama juu ya jetiski yake, mikono kiunoni, akipitwa na ngalawa ya tanga.