Balikuddembe hakukimbia

Mjukuu wangu ameuliza kama huyo Balikuddembe, ambaye soko la Owino hapa Kampala limepewa jina lake, alikuwa mfanyabiashara. Nikamkumbuka katekista mzee aliyetusimamisha Nakivubo, mahali alipouawa Balikuddembe, sisi vijana wa kipaimara, siku moja ya jua kali.

Mzee hakuanza na kifo, alianza na kazi. Joseph Mukasa Balikuddembe alimtumikia Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa, kisha mwanawe Mwanga, akawa msimamizi wa nyumba ya Kabaka, na vijana watumishi walikuwa chini yake. Alibatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Mapadre walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka ule, yeye ndiye aliyewalea Wakatoliki wa ikulu mpaka waliporudi 1885. Mzee alitaka tulielewe hilo kwanza: huyu hakuwa mpinzani, alikuwa mkono wa kulia wa mfalme.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana kutoka Uingereza, akaja kupitia Busoga, badala ya njia ya kusini mwa ziwa iliyozoeleka. Baganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao atatokea mashariki, na Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi huku pwani. Hofu ya Mwanga ilikuwa na sababu, tena mzee hakuificha. Mukasa alimsihi asimwue mgeni. Hannington akauawa tarehe 29.

Hapo mzee alikaa sana. Akatuuliza mmoja mmoja: askofu ameshakufa, maneno hayamfufui, wewe ungesema nini? Wengi tulijibu kwamba tungenyamaza. Mukasa alimkabili Kabaka, akamkumbusha kwamba baba yake hakuwahi kumwua Mzungu. Tayari alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu wasiitwe chumbani kwa Mwanga. Mambo hayo mawili yalimtosha Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, ambaye kwa muda mrefu alimwona Mukasa kama tishio kwa cheo chake.

Yaliyofuata mzee aliyapita haraka. Tarehe 15 Novemba hukumu ilikuwa kuchomwa moto akiwa hai. Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alichelewesha akitumaini Kabaka atabadili nia, Katikiro akahimiza. Basi Mukajanga akamkata kichwa kwanza, kwa huruma, ndipo mwili ukachomwa. Inasimuliwa kwamba Mukasa alimwachia ujumbe wa kumpelekea Mwanga: amemhukumu bila haki, amemsamehe, ila atubu, la sivyo watakutana mbele ya Mungu.

Mmoja wetu akauliza kwa nini hakutoroka. Mzee akasema kwamba angetoroka angeonekana msaliti kweli, na vijana wake wangebaki bila mtu.

Jibu hilo mpaka leo sijalikubali lote. Vijana walibaki bila yeye hata hivyo: Karoli Lwanga alishika nafasi yake, naye akachomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, pamoja na wengine waliokuwa wadogo kuliko yeye. Nimewahi kufikiri kwamba Mukasa angeweza kuongea kwa upole zaidi na kuendelea kuwalinda. Lakini kusihi alikuwa ameshasihi, Hannington akiwa bado hai.