Asubuhi ya tatu, korongo kakubali

Asubuhi ya tatu mfululizo nimelala kifudifudi kwenye tope kando ya mto wa kwetu, na hatimaye korongo, yule ndege wa miguu mirefu, kakubali kupigwa picha. Siku mbili za kwanza nilikosea: nilisimama wima nikamsogelea, akaruka kabla sijajiandaa vizuri. Leo nilifika gizani, nikashusha lenzi hadi usawa wa jicho lake, nikatulia tuli. Alipokunjua mbawa kamera ilikuwa kwenye kasi ya 1/2000 ya sekunde, inayogandisha mwendo. Jana nilitumia 1/250 nikaambulia ukungu wenye miguu!

Wakati wa kurudi nikapitia lile gofu la zamani ambalo tangu utotoni nalipita bila kulitazama. Jua lilikuwa bado chini, linaupiga ukuta kwa ubavu, na nakshi ambazo saa sita mchana hazionekani kabisa zikajitokeza moja moja, kila mchoro na kivuli chake. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nikapiga picha kumi na moja, betri ikazima. (Ndiyo, ya akiba niliiacha mezani.)

Na mlima niliotaka kuupiga picha pia je? Mawingu yaliufunika wote. Kesho tena, na betri mbili.