Kumbukumbu ya mradi: maelezo ya zana katika kihariri cha leveli za Sokoban

Kihariri changu sasa kinamwezesha wakala wa AI (modeli ya lugha inayofanya kazi yenyewe, hatua kwa hatua) kujenga leveli kuanzia ubao mtupu hadi leveli iliyokaguliwa. Kazi ya kipindi hiki haikuwa ya msimbo hata kidogo. Nimekuwa nikiandika upya maelezo ya zana, yaani amri za kihariri ambazo wakala huziita, na naieleza kwa kirefu kwa sababu imebadilisha mwenendo wa wakala kuliko kitu kingine chochote nilichofanya katika mradi huu.

Kwa asiyeujua mchezo: Sokoban ulibuniwa na Hiroyuki Imabayashi mwaka 1981, ukatolewa na kampuni ya Thinking Rabbit mwaka 1982. Mchezaji anasukuma masanduku ghalani hadi yafike kwenye shabaha. Havuti, wala hasukumi mawili kwa pamoja. Leveli huandikwa kwa alama za kawaida za kibodi: `#` ni ukuta, `@` mchezaji, `$` sanduku, `.` shabaha, `*` sanduku lililo juu ya shabaha, na `+` mchezaji aliyesimama juu ya shabaha. Hii ndiyo ndogo kabisa ninayoifanyia majaribio. Ukienda kulia mara 3 imekwisha:

```
#######
#@ $ .#
#######
```

Zana zinamfikia wakala kupitia Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Kila zana huwasilishwa kwa jina, maelezo na skima ya JSON, yaani muundo rasmi wa vigezo vyake. Msimbo ulio nyuma ya zana modeli haiuoni. Usichokiandika, itakikisia.

Zana ya `weka_kipande` inaonyesha jambo hili vizuri. Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa sentensi moja: "Huweka kipande kwenye ubao." Sasa wakala anataka kuweka sanduku kwenye mraba wenye shabaha. Je, shabaha inabaki chini, mraba uwe `*`, au inafutika, mraba uwe `$`? Ndani ya kihariri inabaki. Wakala alikisia kwamba imefutika, akafidia kwa kuweka shabaha nyingine mraba wa pembeni. Shabaha zikazidi masanduku, ukaguzi ukakataa leveli, naye akaanza kubomoa kuta ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kila hatua aliyochukua ilikuwa na mantiki, ukishakubali kisio lake la kwanza.

Maelezo ya sasa yanasomeka hivi:

"Huweka kipande kimoja katika mraba mmoja. Ubao una tabaka mbili: ya chini (ukuta, sakafu, shabaha) na ya juu (sanduku, mchezaji). Kuweka sanduku au mchezaji juu ya shabaha hakuifuti shabaha. Kuweka ukuta hufuta chochote kilichokuwa katika mraba huo. Leveli ina mchezaji mmoja tu: ukimweka mahali papya, anaondoka pa zamani. Zana hii haikagui kama leveli inatatulika. Kwa hilo tumia `tatua`."

Angalia ni sentensi ngapi zinazotaja kisichotokea. Hizo ndizo ninazozithamini zaidi, na ndizo mtayarishaji wa zana huziruka, kwa kuwa yeye tayari anazijua. Orodha ya vipande vinavyokubalika sikuiweka humo. Imo kwenye skima kama orodha ya thamani zinazoruhusiwa, na thamani isiyokuwemo inakataliwa papo hapo.

Kuhusu namba za mraba sikubakiza nafasi ya kukisia. Kila kigezo kinajieleza chenyewe: `mstari` huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, `safu` kutoka kushoto kwenda kulia, na zote mbili zinaanzia 0. Nimerudia maneno hayo katika kila zana. Yanachosha kusoma, lakini hayadhuru. Kuna tatizo jingine la ndani zaidi: modeli husoma maandishi kwa tokeni (vijisehemu vya maandishi), na alama `####` huenda zikaingia kama tokeni moja, kwa hiyo kuhesabu safu kwa kutazama ubao ni kazi ngumu kwake. `soma_ubao` sasa inarudisha mistari iliyotiwa namba, pamoja na orodha ya vitu na mahali vilipo. Maelezo yake yanamwambia wakala achukue namba kutoka kwenye orodha, asihesabu alama.

Kisha kuna `tatua`, zana inayojaribu kutatua leveli. Joseph Culberson alithibitisha mwaka 1997 kwamba Sokoban ni tatizo la kundi la PSPACE-kamili (kundi la matatizo magumu sana kwa kompyuta), na hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kumaliza kila leveli. Kitatuzi changu kina kikomo cha muda. Kwa hiyo majibu yake ni matatu: `inatatulika`, `haitatuliki`, `muda_umekwisha`. Maelezo yanasema waziwazi kwamba jibu la tatu si ushahidi wa kosa katika leveli, na kwamba wakala asibadilishe chochote kwa sababu yake peke yake. Bila sentensi hiyo, leveli nzuri na ngumu ndizo zinazoharibiwa kwanza.

Ujumbe wa makosa nao nimeuhesabu kuwa sehemu ya maelezo. "Leveli si sahihi" hausaidii yeyote. Sasa unasema: "Sanduku lililo mstari 3, safu 1 liko kwenye pembe isiyo na shabaha; haliwezi kutoka." Wakala hurekebisha mraba huo, basi.

Urefu bado naupigania. Maelezo yote hupakiwa katika muktadha wa modeli (maandishi inayoweza kuyasoma kwa wakati mmoja), hivyo kila sentensi inakula nafasi. Ninachoondoa kwanza ni sifa na utangulizi. Masharti na matokeo yanabaki.

Inayofuata ni `weka_vipande`, ya mabadiliko mengi kwa mkupuo mmoja: yote yakubaliwe au yote yakataliwe. Naanza na maelezo yake kabla ya msimbo, na swali la kwanza ni vipi yatasema kinachotokea mraba mmoja ukitajwa mara mbili katika ombi lilelile. Naelekea kulikataa ombi zima na kutaja mraba wenyewe kwenye ujumbe wa kosa.