Kima wako simpeleki Amani

Nikiwa Tanga mjini, hapakosi mtu wa kuniomba nimbebee kima wake hadi Amani, msitu wa hifadhi huko milima ya Usambara. Kamnunua kichanga, kamlea kwa uji, sasa kakua na anang'ata watoto. "Si unapandisha wageni Amani? Mwachie huko, akakae na wenziwe."

Simchukui, na sababu yangu naitoa Borneo, kisiwa cha Asia. Mtoto wa orangutani, jamaa wa sokwe aishiye mitini huko, hukaa na mamaye miaka sita hata minane, na hapo ndipo anapojifunza yote: tunda gani, mti upi, kiota cha kulalia kinafungwaje. Wawindaji wakishamuua mama, yatima hana wa kumfunza. Kituo cha Nyaru Menteng, Kalimantan, upande wa Borneo ulio Indonesia, tangu 1999 kinawapeleka yatima shule ya msituni, wabebwe na walezi, wapandishwe miti. Wakikua huhamishiwa visiwani wapunguze mazoea na watu. Hupimwa kifua kikuu na homa ya ini, maana maradhi yetu yanawaua. Tangu 2012 wengi wamepelekwa msitu wa Batikap.

Ninachokihusudu mimi ni kinachofuata. Mnyama ana kidude cha redio chini ya ngozi, na watu wanamfuata na antena matopeni, tangu anapotoka kiotani alfajiri hadi anapojenga kingine jioni, wakiandika kala nini, kashuka chini mara ngapi. Anayeshinda ardhini bado hajafuzu.

Juzi barazani Ngamiani mzee mmoja akanikata: "Mbona sokwe wa Rubondo, kile kisiwa cha Ziwa Viktoria, waliachiwa tu?" Shikamoo yake, maana ni kweli. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya walishushwa kisiwani bila shule yoyote, wakaishi, wakazaa. Lakini wengi walizaliwa porini kabla ya kukamatwa, na Rubondo haikuwa na sokwe wenyeji wa kuwafukuza. Hata hivyo madume wawili walipigwa risasi kwa kushambulia watu.

Amani ina wenyewe. Kundi la kima lina dume mmoja na majike wengi, na majike hao ndio wanaolinda mipaka; nimewaona wakitimuana na majirani zao mpaka matawi yakavunjika. Wa kwako anayejua chapati atakimbilia wapi? Atashuka kwa wageni wangu.

Kumfuga bila kibali ni kosa, najua mnaogopa. Nendeni ofisi ya wanyamapori ya wilaya hivyo hivyo, kabla hajamng'ata mtoto wa jirani.