Riwaya Inangoja Likizo

Muheza, Jumamosi

Mitihani ya muhula imekwisha, na ofisi ya walimu imejaa mafurushi ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba za katani. Jana saa ya chai, mwenzangu wa Hisabati kaniuliza swali ambalo hachoki kuniuliza: "Hivi madam, wewe huwa unaandika saa ngapi?" Nikamjibu naandika usiku, maana ndilo jibu ambalo watu hulitegemea na wakilisikia wanaridhika. Usiku mimi nasahihisha, au nimelala.

Ualimu ndio ulioniamulia niandike nini na lini. Shule zikiwa zimefunguliwa natunga mashairi. Hadithi ndefu inangoja Juni na Desemba. Kipindi ni dakika 40. Kati ya kimoja na kingine kuna andalio la somo, daftari la mahudhurio, mzazi aliyekuja kuuliza michango, na wiki ya zamu ndiyo usiseme. Riwaya haipendi kukatizwa. Ukimwacha mhusika wako mlangoni ukaenda kufundisha viambishi, ukirudi hukumbuki alikuwa anakwenda kwa nani na kwa nini amenuna. Shairi lina uvumilivu, unaweza kutembea nalo.

Na hasa natembea nalo wakati wa kusimamia mitihani. Msimamizi haruhusiwi simu, kitabu, wala kusahihisha kazi nyingine. Wajibu wake ni kutazama. Wenzangu wengi saa hizo zinawaua, mimi nazisubiri. Jumanne, chumba cha Kidato cha Tatu, nilipata mshororo wa kwanza mara tu walipoanza kuandika: *Kalamu zinakimbia, vichwa vyote vimeinama*. Nikahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole nyuma ya mgongo. Kipande cha kwanza mizani 8, safi. Cha pili 9. Nikaondoa "vyote": *vichwa vimeinama*, nikabaki na 7. Nikapita safu nzima ya madawati ya dirishani, nikarudi kwa safu ya katikati, ile mizani moja inanizungusha tu. Nilipofika karibu na ubao ndipo lilipokuja: *vichwa vyote vyainama*. Nane kamili. Bila kujua nilikuwa nimesimama juu ya binti mmoja, naye ameacha kuandika, ananitazama kwa hofu.

"Madam, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, endelea mwanangu."

Sidhani kama aliniamini.

Darasani nafundisha mgogoro wa ushairi kama mtaala unavyotaka: wanamapokeo wanaoshika vina na mizani huku, wanausasa wanaoviacha kule, hoja za kila upande, mifano. Wanafunzi karibu wote huhamia kwa Kezilahabi, aliyetoa *Kichomi* mwaka 1974 akaacha vina na mizani pembeni. Wanampenda kwa sababu wanadhani mashairi huru ni kuandika unavyotaka, na najitahidi kuwaonyesha kuwa pale pana kazi ngumu kuliko wanavyofikiri. Namheshimu sana, naye alikuwa mwalimu, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisha Botswana, na mauti yakamkuta mwaka 2020. Lakini kwa mtu anayetunga bila kalamu, shairi huru ni taabu. Hadi kengele ya kukusanya karatasi inapogongwa, nusu yake imeshapotea. Beti zenye vina hushikana zenyewe: nikisahau neno, kina kinaniambia liliishia vipi, na mizani inaniambia lilikuwa na urefu gani. Sijasoma hoja hii kwenye vitabu vya uhakiki tunavyotumia, na nadhani ni kwa sababu wengi wanaoandika vitabu hivyo wanatunga wakiwa wamekaa mezani. Mwana Kupona, yule mshairi wa visiwa vya Lamu, alipomtungia bintiye utendi, mwaka 1858 hivi, alitumia vipande vya mizani 8, na vizazi vya wanawake wa pwani wakauchukua kichwani huku mikono iko kazini. Nao ulikuwa somo ule, la mama kwa mwana. Sioni ajabu kwamba kalamu na ualimu vimekaa nyumba moja muda wote huo.

Upande ambao siuzungumzi ofisini ni wa insha.

Wiki hii nimezisoma mpaka macho yamechoka. Nyingi zinafanana: jua lilichomoza, ndege wakaimba, hapo zamani kijana mmoja asiyesikia la mkuu. Kisha, katikati ya furushi, inatokea moja inayokufanya uweke kalamu nyekundu chini. Msichana mmoja ameandika juu ya bibi yake anayeuza machungwa stendi, kwamba jioni akifika nyumbani "anatandika noti juu ya kanga moja moja kama mtu anayeanika dagaa". Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Imeandikwa kwa haraka, "anatandika" ina "h" isiyo yake mwanzoni, na mimi mwenye riwaya mezani nimekaa naitamani.

Hapo ndipo mwandishi na mwalimu wanapogombana ndani yangu. Mwandishi anasema maisha ni ya wote, kila kinachopita mbele ya macho ni malighafi. Mwalimu anasema karatasi hii imeletwa kwako kwa amri, mtoto hakuwa na hiari ya kukunyima. Kwangu anashinda mwalimu. Kinachoandikwa kwa ajili ya alama sikigusi, hata kwa kubadilisha majina, hata mtoto akishamaliza shule. Naiweka hapa sentensi hii tu, kwa sababu nilimwomba, na naye akakubali huku akicheka. Nilimwita mlangoni mwa ofisi.

"Sentensi hii ya bibi na kanga, uiandike kwenye daftari lako la peke yako. Itunze."

"Madam, sentensi inatunzwa?"

"Inatunzwa. Siku moja utaihitaji."

Akaitikia "ndiyo madam" kwa adabu, ile adabu ya mtu anayeona mkubwa wake amechoka.

Nikilalamika kuhusu muda, nafsi yangu huniletea mifano ya kuniaibisha. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi huku riwaya zikitoka tangu ile ya kwanza ya 1987, na Nobeli ikamkuta 2021 amestaafu. Namjibu kimoyomoyo kwamba chuo kikuu hakina zamu ya kukagua usafi wa vyoo. Mfano wa pili unaniziba mdomo: Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare mwaka 1963. Yeye alikuwa na nchi mkononi. Mimi nina mikondo mitatu na mwalimu wa taaluma anayetaka alama zote Jumatano.

Basi Jumatano nitakabidhi, na wiki ijayo tunafunga. Riwaya yangu niliiacha Januari, mhusika mkuu ameshuka kwenye basi Mombo akiwa na begi la mtu mwingine, na tangu hapo hajasogea hata hatua. Kila nilipojaribu kumwendeleza katikati ya muhula aliongea kama mtu anayejibu swali la mtihani: hoja, maelezo, mfano. Lugha ya ualimu huganda kalamuni, na siku za mwanzo za likizo huwa naandika kurasa za kutupa, makusudi, mpaka sauti ile initoke. Ndiyo maana likizo ya Juni, fupi ilivyo, huniachia machache kuliko Desemba.

Nitakwenda kuandikia kwa mama, Lushoto. Usiku huu nimempigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakuja lini? Beba sweta, huku baridi imeanza. Na maharage yamekauka, tunang'oa."

Nikamwambia nitafika, ila asubuhi nitakuwa na karatasi zangu, maharage nitayashika mchana.

"Asubuhi ndiyo ya maharage," akasema. "Jua likipanda yanapasuka yote shambani. Karatasi zako zinapasuka?"

Nikamwambia hazipasuki.

"Haya basi. Zije mchana."