Siku ya Chanjo Uwanjani

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi iliyo kwenye vilima vya Karatu, mkoani Arusha, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa nilipewa kazi ya daftari: kuandika jina la mwenye mnyama, kitongoji chake, rangi na jinsia ya mnyama, kisha kumkabidhi mwenyewe kadi. Meza yangu iliwekwa chini ya mgrevilea kando ya uwanja wa mpira, na kabla jua halijapanda vizuri uwanja ulikwisha kujaa. Wengi waliokuja walikuwa watoto, kwa sababu baba ndiye mwenye mbwa kwa jina tu, lakini anayemjua mbwa ni yule anayeshinda naye malishoni. Walikuja na mbwa waliofungwa kamba za katani, wengine wawili kwa kamba moja, na paka wakiwa ndani ya salfeti na matenga ya kuku. Mmoja alibebwa mgongoni kwa kitenge, kichwa tu kikichungulia.

Mbwa hao walikuwa hawajuani. Kila mmoja amezoea kulinda boma lake na kumfukuza mgeni, na wengi walikuwa hawajawahi kufungwa kamba kabla ya asubuhi hiyo. Mbwa aliye huru akikutana na mwenzake hamwendei uso kwa uso. Huzunguka kidogo, hugeuza kichwa, hunusa ardhi, na kwa njia hiyo huonyesha kwamba hakuja kwa ubaya. Kamba iliyovutwa na mtoto mwenye haraka ya kufika mbele inamnyima adabu hiyo yote. Inamfikisha mbele ya mwenzake kifua kikiwa juu na shingo imekazwa, jambo ambalo kwa mbwa ni uchokozi.

Afisa mifugo wa kata, ambaye watoto walimwita Dokta, hakuanza kwa kufungua kisanduku cha barafu chenye dawa. Aliuzunguka uwanja taratibu, mikono nyuma, akitazama. Aliporudi alitoa amri zilizowaudhi watu kwa sababu zilirefusha foleni: mbwa wapangwe kwa kuachana hatua tano, na paka wote waingizwe katika darasa la kwanza, mlango ufungwe, asifungue mtu salfeti mpaka mbwa waishe. Kisha akaniita nisimame karibu naye, kwa kuwa alitaka mwalimu ajue mambo hayo ili watoto nao wayajue.

“Mwalimu, usiangalie meno,” aliniambia. “Meno ni neno la mwisho. Ameshasema mengine mengi kabla.”

Alinionyesha jike mmoja wa rangi ya kahawia aliyekuwa wa pili katika foleni. Mwenye mbwa, mvulana wa miaka kama minane, alikuwa amemkumbatia shingoni kwa upendo mkubwa. Yule jike alikuwa akipiga miayo ingawa hakuwa na usingizi, akijilamba pua kwa haraka, na amekigeuzia kichwa upande mwingine huku macho yakibaki kwa mvulana, hata weupe wa jicho ukaonekana pembeni kama ukingo wa kucha. Mtu asiyejua angesema mbwa huyo ametulia. Dokta alisema anaomba nafasi. Alimwambia mtoto aiachie shingo, ashike kamba pekee na kusimama ubavuni. Mara tu mikono ilipoondoka, jike alijikung’uta mwili mzima kuanzia masikio hadi mkia, ingawa hakukuwa na tone la maji, akaketi. Hadi leo nadhani kukumbatia ndiko kunakowaponza watoto wengi kuliko kuchokoza, kwa sababu mtoto anayechokoza huwa tayari kukimbia, lakini anayekumbatia amesogeza uso wake mpaka kwenye mdomo wa mbwa.

Jambo lenyewe lilitokea foleni ilipokuwa imepungua. Mzee mmoja aliingia akiongoza dume kubwa lenye mabaka, jina lake Bosi, akaipita foleni moja kwa moja kama wazee wanavyoruhusiwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na Dokta alipomwomba asimame mbali kidogo, mzee akacheka. “Huyu hana neno, Dokta. Tazama mkia.”

Mkia ulikuwa ukitikisika, ni kweli. Lakini ulikuwa umesimama juu, mgumu, ukienda huku na huku kwa mwendo mfupi wa kasi, na nyuma yake hakuna kiungo kingine kilichokuwa kikicheza. Mbwa mwenye furaha hutikisika mpaka kiunoni, na mdomo wake huwa wazi na umelegea. Bosi alikuwa amefumba mdomo, uzito wake wote umeegemea miguu ya mbele, manyoya yamesimama kutoka mabegani hadi kiunoni, na macho hayakupepesa. Nilifuata yalikoelekea nikaona msichana aliyechelewa akitoka getini na tenga kifuani, ndani yake paka wa rangi ya chungwa.

Paka naye alikuwa akitikisa mkia. Ncha yake ilikuwa ikipigapiga fito za tenga, masikio yamelala kando, mwili umebanwa chini, na mboni zimetanuka hadi kulijaza jicho, wakati jua lile lilipaswa kuzifanya ziwe uzi. Hapo ndipo wanyama hawa wawili wasipoelewana: mkia wa mbwa unaopungwa kwa ulegevu ni karibu, ilhali wa paka unaochapwa ni onyo, na paka anayesalimia huusimamisha mkia wima huku ncha ikipinda kidogo. Msichana aliona mkia wa Bosi ukicheza, akatabasamu, akasogea ili amwonyeshe paka wake.

“Mama, simama hapo hapo,” Dokta alimwambia kwa sauti ya chini, isiyo na haraka. “Usikimbie. Usimtazame machoni. Geuka ubavu, tenga liwe upande wa pili.”

Kisha akachukua kaunta buku yangu mezani, akatembea kwa kuzunguka hadi katikati yao, mgongo wake ukiwa nusu kwa mbwa, akaishikilia daftari ile chini usawa wa kichwa cha Bosi ili asimwone paka. Bosi akanguruma, sauti nzito ya kifuani. Mzee akainua fimbo.

“Usimpige, Mzee wangu. Amekuarifu.”

Baadaye alitufafanulia kwamba mbwa anayechapwa kila akinguruma haachi hasira. Anaacha kunguruma tu, na siku nyingine atauma bila taarifa. Wakati ule alimwambia mzee ailegeze kamba na kuondoka kwa kuzunguka nyuma ya vyoo vya wavulana, asimburute. Hatua chache tu Bosi akaanza kunusa majani, mdomo ukafunguka, mkia ukashuka.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Bari, Italia, walichapisha mwaka 2007 matokeo yaliyoonyesha kuwa mbwa akimwona bwana wake hutikisa mkia zaidi upande wake wa kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea kushoto. Sidhani mtu anaweza kuipima tofauti hiyo kwa macho uwanjani. Mdomo uliofumbwa na mwili uliokakamaa vinatosha.

Palikuwa na sababu ya kuwa makini kiasi hicho. Muhula uliotangulia mwanafunzi wetu mmoja aliumwa mguuni. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akapelekwa hospitali kudungwa chanjo, akapona. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Dokta aliwaonya watoto pia kwamba mbwa aliyebadilika tabia, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza au anayeuma chochote kilicho mbele yake, hasomwi. Anaepukwa na kutolewa taarifa.

Yule paka alichanjwa darasani. Dokta aliketi kwenye dawati la watoto, magoti karibu na kidevu, akalilaza tenga ubavu na kulifungua, kisha akakaa bila kumgusa, akifumba na kufumbua macho polepole kila paka alipomtazama. Ilichukua muda, na msichana akawa amechoka kusubiri, lakini masikio yalirudi mbele na paka akatoka mwenyewe. Alifungwa kwenye kitenge akabaki bega moja nje, sindano ikaingia.

Bosi alikuwa wa mwisho, uwanja ukiwa mtupu. Mzee alisimama ubavuni pake, kamba imelegea, na Dokta akamjia kwa pembeni. Nilipokuwa naandika kadi aliniagiza niongeze maneno pambizoni mwa daftari, nami nikaandika kwa wino mwekundu: aje mwisho, paka wakishaondoka. Mwaka uliofuata mzee alifika asubuhi na mapema, akaelekea nyuma ya vyoo kabla sijamwambia, akaniuliza kwa mbali kama paka wamekwisha.